Siti Iliyoinua Pua

Jina la Trei Ishirini alipewa na wenye maduka, kwa sababu ndiye msambaza mayai pekee aliyeweza kufunga trei ishirini nyuma ya baiskeli, yaani mayai mia sita, na kuyafikisha yakiwa bado mia sita. Wenzake walifunga trei kumi na mbili na kufika na kumi na moja na ute. Yeye alikuwa mtu wa miaka arobaini na saba, mwembamba, miguu mikavu kama mpini wa jembe, na majivuno ambayo kwenye kazi nyingine yangehitaji shahada mbili.

Banda la kuku lilikuwa juu, kwenye mwinuko nje ya mji, na maduka yote yalikuwa chini. Kwa hiyo kila asubuhi aliteremka kilomita tisa na mzigo, vidole kwenye breki, mayai yakimsukuma mgongoni kama abiria wenye haraka. Mtu anayebana breki na mzigo nyuma huteleza kwenda mbele. Akiteleza mbele anaukumbatia usukani, na akiukumbatia usukani baiskeli inakwenda inakotaka yenyewe. Mwaka wake wa kwanza kazini alivunja trei sita kwa siku moja, mbele ya shule, wakati wa mapumziko. Watoto walimpigia makofi.

Siku hiyo alikwenda kwa fundi baiskeli, rafiki yake, na mchana mzima wakalikalia tatizo lile kama wazee wa baraza. Walichogundua ni hiki: wakalegeza nati, wakainua pua ya siti, wakakaza tena. Siti ikawa inatazama juu kama kifaru anayenusa mvua. Trei Ishirini alipopanda, pua ile ilimzuia kwa mbele, akakaa imara, hatelezi hata abane breki zote mbili. Tangu hapo, miaka kumi na tisa, hakuvunja mayai kwa kuteleza. Ilikuwa siri ya kazi. Wasambazaji wengine walipoiona siti ile walidhani imepinda tu, na yeye aliwaacha wadhani.

Siti yenyewe ilikuwa nyembamba na ngumu. Miezi ya mwanzo aliumia. Halafu maumivu yakaisha, ikaja ganzi. Akifika duka la kwanza, kabla ya kufungua kamba, alisimama kando akipiga miguu chini kama askari wa gwaride, mpaka sehemu zile zikumbuke kwamba ni za kwake. Alimuuliza fundi kama hilo ni jambo la kawaida.

"Ni jambo zuri," fundi alimjibu, akimwonyesha viganja. "Hii mikono mwanzoni ilikuwa inachubuka kila siku. Sasa nagusa chuma cha moto sisikii. Ni sugu, ndugu yangu. Na wewe umepata sugu ya ndani."

Wakaliamini hilo, wote wawili, kwa moyo mweupe. Na miaka miwili iliyopita, maduka mapya yalipofunguliwa, Trei Ishirini akaanza kwenda safari mbili kwa siku badala ya moja. Ganzi iliyokuwa ikiondoka saa nne asubuhi ikaanza kukaa mpaka jioni, kama mgeni aliyeona chakula ni kizuri. Yeye akahesabu kwamba sugu inakomaa.

Kilichofuata ni jambo ambalo wanaume wamelipa majina mengi ili wasilitaje. Chumbani, mambo yaligoma. Kwanza yaligoma siku moja moja, kama umeme. Halafu mgomo ukawa wa jumla. Msambaza mayai, ambaye angeweza kukueleza kwa kina kwa nini kuku wa banda la tatu wanataga mayai madogo, hakuwa na neno hata moja la kumweleza mkewe. Akatafuta sababu. Mwezi mmoja ulikuwa mgongo. Mwezi uliofuata ilikuwa godoro. Baadaye akaanza kuipenda taarifa ya habari kwa mapenzi ambayo hakuwahi kumpa binadamu. Aliisikiliza mpaka hali ya hewa, mpaka wimbo wa kufungia, mpaka mkewe amesinzia. Alijua mawaziri wa fedha wa nchi ambazo asingeweza kuzionyesha kwenye ramani.

Mkewe alikuwa mshona mapazia. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha, na kutoka pale alikuwa amemwangalia mumewe akiingia na kutoka kwa miaka ishirini na mbili. Watoto wao wawili walikuwa wameshaondoka kwenda kujitegemea. Chumba walichokiacha, mama alikuwa amehamia humo tangu miezi miwili iliyopita, kwa kisingizio kwamba mume anakoroma. Mume hakuwa anakoroma. Alijua hilo, maana alikuwa macho.

Jumatatu moja asubuhi, akiwa na pini mbili mdomoni na pazia la kijani magotini, mkewe alimuuliza, "Ana jina?"

"Nani?"

"Huyo anayekuchosha."

"Nachoshwa na mayai, mke wangu."

"Mayai umeyabeba miaka kumi na tisa. Uchovu wako una mwaka mmoja." Akatoa pini, akazichomeka kwenye pazia moja baada ya nyingine, bila haraka. "Dada anakuja Jumamosi. Tutakaa hapa watatu, utataja jina, tuongee kama watu wazima. Usipotaja, Jumapili naondoka naye. Cherehani nitaagiza gari lije kuichukua."

Alisema kwa sauti ya mtu anayeuliza pazia liwe la urefu gani. Trei Ishirini alimjua mkewe. Mke angepiga kelele, yeye angepata nafuu. Alipoitaja cherehani, aliona kwamba mambo yamekwisha pangwa, na kwamba amebakiwa na siku tano.

Hapa ndipo mtu mwenye akili timamu angesema ukweli. Lakini Trei Ishirini alikuwa mwanamume, na kwa mwanamume ukweli wa namna hiyo ni mzito kuliko trei ishirini. Akipanda mwinuko na trei tupu asubuhi ile, alianza kufikiria kwa makini kabisa kukiri uzinzi ambao hakuufanya. Aliona una heshima yake. Mzinzi anasemwa, anatozwa faini ya ukoo, anasamehewa, baada ya mwaka anachekwa na mashemeji kwa namna ya kusifiwa. Shida ilikuwa kumpata mwanamke wa kumtaja. Wanawake aliokutana nao kila siku walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwenye duka la kona, mjane mwenye mabega mapana, ambaye akisikia ametajwa angemtandika kwa kopo la kupimia unga. Mwingine alikuwa bibi wa banda la kuku, mwenye miaka sabini na kitu na jicho moja. Mpaka anafika juu, uzinzi ulikuwa umemshinda nao.

Mchana alikwenda kwa fundi. Fundi alimsikiliza akikaza spoku, kisha akatoa maelezo kadhaa ya kitaalamu: maji baridi ya kuoga, simu kuwekwa mfukoni, kulalia ubavu wa kushoto, na mke kuzoeleka. Alipomaliza sayansi, aliingia ndani ya kibanda akatoka na pakiti ya unga yenye picha ya simba.

"Hii niliuziwa na jamaa wa gari lenye spika. Kijiko kimoja tu."

"Wewe umeijaribu?"

"Mimi sina tatizo," fundi alisema haraka mno. Pakiti ilikuwa nusu.

Jumanne Trei Ishirini alikunywa kijiko kimoja, halafu, kwa tabia yake ya kubeba zaidi ya wenzake, akaongeza cha pili. Baada ya nusu saa kichwa kiligonga kama mlango wa mdaiwa, uso ukawaka, moyo ukakimbia peke yake ukamwacha nyuma. Alikaa chini kando ya barabara, kivulini mwa ukuta, akishika baiskeli yake kwa mkono mmoja na kifua kwa mkono mwingine. Kitu pekee kilichosimama ni nywele za shingoni. Moyo uliporudi mahali pake, alikuwa ameogopa vya kutosha kufanya jambo ambalo heshima ilikuwa imemkataza mwaka mzima. Jumatano alikwenda zahanati.

Alipanga kukutana na mzee mwenye mvi. Akamkuta daktari binti, wa umri wa kuweza kuwa mwanawe, kalamu sikioni, akimwonyesha kiti. Trei Ishirini akabadilisha mpango papo hapo.

"Nimekuja kwa ajili ya rafiki yangu," alisema.

"Karibu, baba. Rafiki yako ana shida gani?"

Akaieleza, akiangalia bango la mama anayenyonyesha. Aliieleza kwa njia ndefu, ikapita kwenye uchovu, ikazunguka kwenye ndoa, ikafika. Daktari hakucheka wala hakuinua kichwa. Aliandika.

"Rafiki yako ana miaka mingapi?"

"Arobaini na saba."

"Anavuta sigara?"

"Aliacha kabla hajaoa."

"Anatumia dawa yoyote? Za presha, za usingizi, za mizimu?"

"Jana alikunywa unga fulani. Una picha ya simba."

Sasa daktari aliinua kichwa. "Mwambie asirudie. Unga wa namna hiyo hatujui umechanganywa na nini. Mtu mwenye moyo mbovu anaweza kufa nao barabarani."

"Nitamwambia. Alikaa chini kidogo."

"Na asubuhi akiamka? Kabla hajapanga kitu chochote na mtu yeyote. Huwa kinasimama chenyewe?"

Trei Ishirini alifikiri. "Zamani ndiyo. Sasa hapana. Kwa nini unauliza hilo, daktari?"

"Kwa sababu kama asubuhi kinaamka na akiwa na mkewe hakiamki, naanza kuuliza habari za mawazo na ugomvi. Kama hakiamki wakati wowote, naangalia mwili kwanza. Ni kazi ya mwili kama kazi nyingine, baba. Damu inatakiwa iingie kwa wingi na izuiliwe isitoke. Na mishipa ya fahamu inatakiwa ipeleke habari kutoka juu mpaka huko. Sukari ikizidi inaharibu vyote viwili. Presha na sigara zinakaza mishipa ya damu. Homoni zinaweza kupungua. Mgongo ukiumia, habari hazifiki. Na mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo ikianza kuziba, huko ndiko kunakogoma kwanza. Wapo waliokuja kwangu kwa shida hii, tukakuta mwenye shida ni moyo."

Akavuta mashine ya presha. "Sasa, nimsubiri rafiki yako, au nipime mkono ulio karibu?"

Trei Ishirini akautazama mkono wake kana kwamba mtu ameusahau pale. Akaunyoosha.

Presha ilikuwa nzuri. Sukari ya kidole ilikuwa imepanda kidogo, si ya kutisha, lakini daktari aliandika arudi Jumatatu asubuhi kabla hajala ipimwe vizuri. Akauliza ajali: hakuna. Akauliza ganzi.

"Ganzi ipo," alisema Trei Ishirini, kwa furaha ya mtu aliyeulizwa hatimaye swali analolijua. "Lakini hiyo ni sugu. Ya kazi."

Daktari aliweka kalamu chini. "Sugu ya wapi?"

Alipoeleza ni ya wapi, daktari alisimama. "Baiskeli iko wapi?"

Ilikuwa imeegemea ukuta wa zahanati, chini ya dirisha la famasi. Trei Ishirini akaionyesha kwa fahari, na kwa kuwa daktari hakuwa mshindani kwenye biashara ya mayai, akamfunulia siri: mteremko, breki, kuteleza, na pua ile iliyoinuliwa ambayo imeokoa maelfu ya mayai. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kiganja chake juu ya pua ya siti, akakandamiza kwa uzito wake wote, na kuuacha hapo.

"Mtu ana mifupa miwili ya kukalia," alisema. "Hiyo ndiyo iliyoumbwa kubeba mwili. Katikati yake inapita mishipa ya damu na ya fahamu, ile ile tuliyokuwa tunaizungumzia ndani. Siti ikiwa sawa, unakalia mifupa. Yako imeinuka, kwa hiyo kila unapobana breki, mwili wako na mayai mia sita vinakalia mishipa. Unapanda saa ngapi kwa siku?"

"Sita. Zamani tatu."

"Tangu lini sita?"

"Miaka miwili." Na hapo hesabu ikajifanya yenyewe.

Aliitazama siti. Alikuwa ameipenda sana ile siti. Aliwahi kuipaka mafuta ya ngozi ambayo mkewe aliyatafuta nyumba nzima.

"Kwa hiyo si sugu," alisema.

"Ganzi ni mshipa unaolia, baba. Sugu haina uhusiano."

"Na ile kazi ya mwili, itarudi?"

"Wengi inarudi wakipumzisha. Siahidi, na sukari lazima tuijue kwanza. Shusha pua leo hii. Tafuta siti pana, ile fupi isiyo na pua ikipatikana. Safari mbili acha, na kwenye mteremko shuka usukume. Miezi mitatu. Halafu tutaona." Akageuka kuingia ndani, akasimama. "Mkeo anajua?"

"Anajua kuna mwanamke."

"Yuko?"

"Nimemtafuta, nimemkosa."

Daktari alifunika mdomo kwa faili.

Fundi alipoambiwa ashushe pua, alikataa kama aliyeambiwa abomoe msikiti. Walibishana na spana mkononi. "Miaka kumi na tisa," fundi alirudia. Mwishowe Trei Ishirini aliichukua spana akalegeza nati mwenyewe, na fundi, akiangalia pembeni, akauliza kama ni kweli daktari alisema ule unga wa simba ni mbaya hata ukinywa kidogo kidogo. Alhamisi na Ijumaa Trei Ishirini aliteremka kwa miguu, akiishikilia baiskeli kwa nyuma. Wenye maduka walimuuliza kama imepata pancha. Alifika saa tano badala ya saa tatu.

Jumamosi shemeji alifika. Alikuwa mkubwa wa mkewe kwa miaka kumi, mwalimu mkuu mstaafu, na alikaa kwenye kochi kama yuko mbele ya mstari wa asubuhi. Mkewe alikaa kwenye kiti cha cherehani. Kando ya mlango palikuwa na sanduku lake, limefungwa tayari. Trei Ishirini alilipita sanduku lile akaketi kwenye stuli.

"Shemeji," dada mtu alianza, "mimi sikuja kugombana. Nimepanda magari mawili kuja kusikia jina moja."

"Shemeji, naomba niongee na mke wangu peke yetu."

"Mdogo wangu amenyamaziwa peke yenu mwaka mzima. Ongea hapa."

Aliliangalia sanduku. Alimwangalia mkewe, ambaye alikuwa anakunja kipande cha kitambaa kisichokuwa na haja ya kukunjwa. Na lile jina la uongo, ambalo hata Ijumaa jioni alikuwa bado analitafuta, likamtoka akilini lote.

"Hakuna mwanamke," alisema. "Mwili wangu haufanyi kazi. Wa kiume. Mwaka mzima haujafanya kazi, si kwako, si kwa mtu yeyote, si hata asubuhi nikiwa peke yangu. Nimekwenda zahanati Jumatano. Ni mishipa, imebanwa na siti ya baiskeli. Na labda sukari."

Shemeji alikuwa amekuja na hotuba ya vipengele. Ilionekana kabisa usoni mwake ikitafuta pa kukaa ikakosa. Alifungua mkoba, akaufunga.

Mkewe hakuinua macho. "Na hukusema."

"Ningesemaje?"

"Hivyo hivyo ulivyosema sasa. Umetumia maneno mangapi?"

Trei Ishirini alianza kuyahesabu kwa vidole, akaacha.

"Unajua mimi nilifanya nini mwaka huu?" Sauti yake ilikuwa ile ile ya mapazia. "Nilijiangalia kwenye kioo. Kila siku ukitoka. Nikasema ni tumbo, nikaacha kula mchana. Nikasema ni uso, nikanunua mafuta, nikaungua hapa shavuni. Nikasema ni umri, basi. Mwaka mzima natafuta kosa mwilini mwangu, na wewe unajua liko wapi, unasikiliza mawaziri."

Trei Ishirini alikuwa amejiandaa kwa kicheko. Kwa mwaka mzima alikuwa akiogopa kicheko peke yake. Hili hakulijua kabisa, na lilimkaa kifuani kwa namna ambayo hata unga wa simba haukuweza.

"Nilidhani aibu ni yangu," alisema. "Sikujua nimekubebesha wewe. Nisamehe."

"Sijakusamehe. Nimekasirika kuliko nilivyokuwa wakati yupo mwanamke." Akaweka kitambaa chini. "Daktari amekuambia urudi lini?"

"Jumatatu. Nisile."

"Tutakwenda wote."

Shemeji alikohoa. "Kwa hiyo kesho narudi peke yangu?"

"Unarudi peke yako, dada. Lakini lala, umechoka."

"Sijachoka," alisema shemeji, kisha baada ya kufikiri: "Hilo tatizo la siti ya baiskeli, ni la wote au ni lake tu? Maana shemeji yenu kule nyumbani naye siku hizi anapenda redio."

Jumatatu walitembea mpaka zahanati, mkewe mbele hatua mbili kwa sababu hasira ilikuwa haijaisha na aliona haina haja ya kuharakishwa. Kwenye dirisha la kuandikisha, karani aliuliza shida, na kabla mume hajatafuta pa kuangalia, mke alijibu kwa sauti ya kawaida, "Nguvu za kiume, na sukari." Watu wawili kwenye foleni waligeuka. Mmoja wao, mzee mwenye kofia, alisogea karibu kidogo ili asikie vizuri.

Sukari ilitoka mpakani: haijawa ugonjwa, ila imegonga hodi. Mkewe ndiye aliyeuliza maswali yote. Soda ngapi, chai iwe na vijiko vingapi, siti isiyo na pua inauzwa wapi, miezi mitatu inahesabiwa tangu Jumatano au tangu leo. Daktari alijibu moja moja.

"Na hiyo miezi mitatu," aliuliza mwisho, "mimi na yeye tunafanya nini?"

"Lalieni kitanda kimoja, mama. Msijipe mtihani. Ongeeni."

"Huyu? Kuongea?"

"Ameanza Jumatano. Alianza kwa rafiki yake, lakini alifika."

Mkewe alimgeukia mumewe kumuuliza rafiki gani, akaona anavyoliangalia lile bango la mama anayenyonyesha, akaelewa bila kuuliza. Aliichukua karatasi ya vipimo mezani, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba wake.

"Hii itakaa kwangu," alimwambia. "Wewe ni mtu wa kuficha."

Wakatoka. Njiani alimwambia kwamba akifika nyumbani alirudishe lile sanduku chumbani, chumba chao, na aliweke juu ya kabati kwa sababu chini ya kitanda kuna unyevu. Trei Ishirini akasema sawa. Sasa walikuwa wanatembea sambamba, na alimsikia akianza kumweleza, kwa kirefu, habari ya mteja mmoja aliyerudisha pazia mara tatu.